Ukienda Windsor, usiishie kwa Malkia tu

Wengi wetu tulioko Uingereza, wageni wakija toka nyumbani tunawapeleka Windsor, na ni sehemu nzuri kweli, maana ndani ya ile kasri ya kifalme ndo kuna kanisa la St George's, Edward IV alianza kulijenga 1475, wafalme wamelala humo kibao, Henry VIII, Charles I aliyekatwa kichwa, hadi Elizabeth II, yeye yuko na mumewe na wazazi wake kwenye kikanisa kidogo cha pembeni, unapita unachungulia jiwe jeusi lenye majina ya wote wanne. Baba yake, George VI, ndo yule aliyefariki Februari 1952 binti akiwa kwetu Kenya, kule Nyeri.

Tiketi ya kasri inakuingiza na kanisani, nunua mtandaoni mapema. Ila angalia siku: Jumanne na Jumatano kasri huwa imefungwa, Jumapili kanisa ni la waumini tu. Ukitoka London, treni ya stesheni ya Waterloo inafika moja kwa moja, kama saa nzima hivi, ya stesheni ya Paddington unabadilisha Slough. Mnakaguliwa kama eapoti, begi kubwa acha nyumbani, na kanisani picha hakuna kabisa. Hela ikibana nenda ibada ya jioni, ni bure, lakini hapo umeenda kusali, sio kuzunguka makaburi.

Sasa ombi langu. Waulize wahudumu wakuonyeshe kibao cha kumbukumbu ya Prince Alemayehu wa Ethiopia. Baba yake, Mfalme Tewodros II, alijiua kwenye ngome yake ya Maqdala 1868 jeshi la Waingereza lilipovamia, Waingereza wakamchukua mtoto pamoja na mama yake, mama akafia njiani, dogo akaletwa huku ana miaka 7 tu, hakurudi tena kwao. Alifariki Leeds 1879, miaka 18, Malkia Victoria akaagiza azikwe hapo, kaburi liko nje ya kanisa. Kwenye kibao wameandika yale maneno ya Mathayo 25, nilikuwa mgeni mkanikaribisha, na mimi yananiuma kila nikiyafikiria, maana huyu hakuja mwenyewe, alichukuliwa. Ndugu zake wameomba mifupa irudi Ethiopia, 2023 Buckingham Palace wakakataa, eti hawawezi kumtoa bila kusumbua wengine waliozikwa pale. Mi naona arudishwe.

Una watoto waliozaliwa huku? Wasimulie kabla hamjatoka nyumbani ili wafike wanajua wanamtafuta nani, na msizubae sana huko kwingine kasrini, kanisa linaacha kupokea watalii saa kumi jioni.