Supachaja inachoka ikipata joto: anza na pampu ya intakula, malizia na hewa iliyonasa

Asubuhi gari linaondoka kama limekatwa kamba. Ukilikanyaga mara tatu nne mfululizo linakuwa zito, utadhani supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini kwa mkanda, kuongeza hewa kwenye silinda) imeng'olewa. Geji ya joto la injini iko palepale katikati, taa ya injini haijawaka, na mwenye gari ameshabadilisha plagi, ameshasafisha sensa ya hewa, sasa anauliza kama mkanda unateleza. Wiki iliyopita nimemsaidia mtu wa tatu mwenye kisa hikihiki, nikaona niandike.

Ninayoizungumzia ni intakula ya maji, yaani kipoozeo cha hewa inayoingia kwenye injini. Supachaja ikikandamiza hewa, hewa inapata moto. Maji yanapita ndani ya intakula, yanalibeba lile joto hadi kwenye rejeta ndogo mbele ya gari, yanapoa, yanarudi. Kinachoyazungusha ni pampu ndogo ya umeme ya volti 12. Kwenye magari mengi mzunguko huu umejitenga na ule wa injini, ndiyo maana geji haikwambii kitu. Pampu ikisimama, kompyuta inaona hewa ya moto inaingia kwenye silinda, inachelewesha cheche ili injini isigonge (mafuta yasijilipukie yenyewe kwenye silinda), na nguvu zinakwenda. Kwenye Mercedes-Benz E55 AMG yenye supachaja, kompyuta inaweza hata kuachia klachi ya supachaja yenyewe.

Hatua ya 1: soma joto la hewa

Chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), achana na kodi za hitilafu, nenda kwenye data zinazosomeka gari likitembea. Tafuta joto la hewa baada ya intakula. Baadhi ya magari yana sensa mbili na watu wengi husoma ile ya kabla ya supachaja, halafu wanasema kila kitu ni kizima. Ukikanyaga, joto litapanda, hilo halina neno. Angalia linavyoshuka. Mzunguko usio na tatizo huanza kulishusha mara tu unapoachia na gari likiendelea na mwendo. Kama limefika nyuzi 70 na baada ya dakika tano za mwendo wa pole bado liko hapohapo, maji hayatembei.

Hatua ya 2: fyuzi na rilei

Hii unaijua. Angalia fyuzi ya pampu kama imekatika, badilishana rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) na nyingine ya namba ileile kwenye boksi, uendelee.

Hatua ya 3: umeme unafika?

Hapa mimi ni mtu wa balbu. Multimita peke yake itakudanganya: waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili za shaba bado utaonyesha volti 12 kwa sababu hakuna mzigo. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili, iguse kwenye plagi ya pampu. Ikiwaka vizuri, waya unabeba mzigo. Ikiwaka kwa unyonge, anza na athi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi), maana huko chini karibu na bampa ndiko maji na chumvi vinakokaa. Ukipenda multimita, pima pampu ikiwa inafanya kazi na ulinganishe na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, shughulika na waya kabla ya kununua chochote.

Angalizo: kuna magari ambayo pampu haiwaki kwa kufungua swichi tu, kompyuta inasubiri joto lipande kwanza. Ukimya si ushahidi. Iamuru kwa skana, au ichukulie umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia waya wenye fyuzi, chanya kwa chanya. Usiizungushe kavu, maji ndiyo yanayoilainisha.

Hatua ya 4: inanguruma, lakini inasukuma?

Injini ikiwa baridi kabisa (na narudia, baridi kabisa), fungua kifuniko cha tanki la mzunguko huu wa intakula, washa pampu, angalia maji. Yanapaswa kujongea au kutikisika. Kama pampu inalia na maji yametulia kama ya mtungini, mambo ni mawili: panga za ndani zimeachia shafti, au kuna hewa. Ukiwa na ampimita ya kubana waya, itumie. Pampu iliyokwama inakula umeme mwingi, inayozunguka kwenye hewa inakula kidogo kuliko kawaida yake, na iliyokatika ndani haili kabisa.

Hatua ya 5: kutoa hewa

Hii ndiyo iliyonila Jumamosi nzima na pampu mbili nzima. Pampu ya aina hii haivuti, inasukuma kwa kuyarusha maji kwa uzito wake. Hewa haina uzito wa kurushwa, kwa hiyo kapovu kamoja kakikaa kwenye panga, pampu inazunguka bure. Nilibadilisha pampu, joto likabaki lilelile. Nikaapa mpya ni mbovu, nikafunga nyingine. Jioni, nikiwa nimelala chali na tochi mdomoni, nikaona hozi niliyoikata mwenyewe: ndefu kupita kiasi, imepinda juu kama nundu, na kilele chake kiko juu kuliko tanki. Hewa yote ilikuwa imekaa humo. Nikaikata, na ikapona kwa gharama ya klempu moja.

Kwa hiyo kabla ya kumimina, fuata hozi zote kwa mkono. Pasiwe na tao lililo juu kuliko mdomo wa kujazia, na pampu ikae chini ya usawa wa tanki.

Ninavyopendelea ni kujaza kwa vakyumu. Kifaa kinaendeshwa na kompresa ya upepo. Unavuta hadi karibu bar 0.8 chini ya sifuri ya geji, hozi zinanywea kama zimekauka. Usiogope. Funga valvu, subiri dakika tano. Mshale ukirudi kuna kuvuja, usijaze. Mshale ukitulia, tumbukiza mrija kwenye kulanti (maji ya kupoozea) na ufungue; ncha isitoke nje ya kulanti hata sekunde moja, vinginevyo unarudi mwanzo.

Huna kifaa? Pandisha pua ya gari hadi mdomo wa kujazia uwe sehemu ya juu kuliko zote, mimina polepole, washa pampu sekunde thelathini, zima dakika nzima. Povu hupanda wakati wa kuzima. Pampu ikiendelea inalivuruga tu. Minya hozi kwa mkono katikati. Rudia mara kumi, mara kumi na tano. Utajua kwa sikio: yenye hewa inalia kwa sauti nyembamba, ikishika maji sauti inashuka na hozi inakuwa nzito mkononi.

Kulanti iwe ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Usichague kwa rangi, rangi haina maana yoyote.

Hatua ya 6: rejeta ya mbele

Osha kwa maji ya presha ndogo. Wadudu na majani hukaa kati yake na kondensa (rejeta ya AC), usikoona.

Mwisho, weka alama ya kalamu kwenye tanki pale kiwango cha maji kilipofika na uiangalie siku tatu. Kushuka kidogo mara moja ni hewa iliyobaki. Kikiendelea kushuka na chini hakuna tone, usiwashe injini tena: intakula inaweza kuwa inavujia ndani, na maji yakijaa kwenye silinda yatapinda koneti rodi (chuma kinachounganisha pistoni na krenki). Pima mzunguko kwa presha, usizidi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko.