Namna ya Kuandika Maelezo ya Mkoa: Mfano wa Tanga

Maelezo mengi ya mikoa yetu hugawanywa katika vichwa vinne visivyosalimiana: jiografia, utawala, watu na uchumi. Mwanafunzi anayeandika kuhusu Tanga ajenge maelezo yake juu ya mwinuko wa ardhi, kwa sababu huo ndio unaoeleza sehemu kubwa ya mengine.

Taja kwanza mipaka: Kenya kaskazini, Bahari ya Hindi mashariki, Pwani na Morogoro kusini, Manyara na Kilimanjaro magharibi. Kisha itenge ardhi yenyewe. Pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ina minazi, uvuvi na bandari. Milima ya Usambara hukinga pepo zenye unyevu kutoka baharini, na ndiyo maana Lushoto hustawi chai, mboga na matunda, ilhali nyika ya Handeni na Kilindi, ambako mvua haitabiriki, hutegemea zaidi mahindi na mifugo.

Makabila nayo yaelezwe kwa mahali yalipo: Wadigo na Wasegeju pwani, Wabondei Muheza, Wasambaa milimani, Wazigua Handeni, Wanguu Kilindi. Hata hivyo usiwafungie humo, wala usiwasahau wajukuu wa manamba waliotoka mikoa ya mbali kukata mkonge. Kuwaacha ni kuwadhulumu watu walioujenga mkoa huu kwa jasho lao.

Mkonge unastahili nafasi kubwa kuliko zao lingine lolote. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga mjini, ikafika Mombo mwaka 1905 na baadaye Moshi. Eleza jinsi reli, mashamba na bandari vilivyotegemeana, kwa kuwa singa, yaani nyuzi za mkonge, zilisafirishwa kwa treni hadi gatini. Halafu eleza anguko la mkonge, pale nyuzi za viwandani zilipoteka soko la dunia na bei kushuka, wakati ambapo mashamba mengi yalikuwa yametaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ukiyaruka hayo, msomaji hataelewa kwa nini nyumba nyingi za mashamba ya zamani zimebaki magofu. Baada ya hapo taja saruji ya Pongwe, itokanayo na mawe ya chokaa kama yale ya mapango ya Amboni, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo mwisho wake ni Chongoleani.

Utawala hauhitaji kurasa nyingi. Mkuu wa Mkoa na wakuu wa wilaya huteuliwa na Rais, madiwani huchaguliwa na wananchi. Wilaya ni 8 lakini halmashauri ni 11, kwani Korogwe na Handeni zina halmashauri za mji pia, na Bumbuli, iliyo ndani ya wilaya ya Lushoto, ina halmashauri yake.

Idadi ya watu iandikwe daima pamoja na mwaka wa sensa: 2,045,205 mwaka 2012, na 2,615,597 mwaka 2022.