Jinsi ya kuhesabu pumzi za mbwa mdogo mwenye mvumo wa moyo

Daktari wa mifugo akisikia mvumo (sauti ya ziada ya damu inayopita) kwenye moyo wa mbwa wako, usimhesabu mgonjwa mahututi. Kwa mbwa wadogo wa makamo na wazee, hasa Cavalier King Charles Spaniel, Chihuahua na Dachshund, chanzo mara nyingi ni vali ya kushoto (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyonenepa isiyofunga sawasawa, hivyo damu kidogo hurudi nyuma kila pigo. Wengi huishi hivyo miaka mingi bila dalili. Kazi yako nyumbani ni kugundua mapema moyo unapoanza kuzidiwa.

Hatua ya 1: Omba picha ya moyo. Mvumo hupangwa daraja 1 hadi 6, lakini daraja hupima sauti tu. Eksirei na ultrasaundi ndizo zinazoonyesha kama moyo umetanuka. Usiache kipimo hiki ukiweza kukimudu: utafiti wa EPIC, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba pimobendani, dawa ya moyo, kwa mbwa mwenye moyo uliotanuka lakini asiye na dalili huchelewesha moyo kushindwa kwa takriban miezi 15.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi akiwa usingizini. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ngoja alale fofofo, mahali pasipo na joto. Miguu ikichezacheza, anaota, subiri. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara 2, andika na tarehe. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo ujue kawaida yake, kisha kila wiki. Kama moyo umetanuka, kila siku.

Wengi hubaki chini ya pumzi 30 kwa dakika. Ikivuka hapo, hesabu tena baadaye akiwa bado amelala. Ikibaki juu, mpigie daktari siku hiyohiyo. Aliyezoea 16 akipanda taratibu hadi 27 naye aonwe, hata kama hajavuka mpaka. Usingoje kikohozi: kinaweza kutoka kwenye koromeo la hewa lililolegea, na maji yanaweza kujaa mapafuni bila kukohoa kwingi.

Akihema kwa shida huku ametulia, ufizi ukiwa wa kijivu au buluu, au akizimia, mpeleke hospitali mara moja, hata usiku wa manane.

Hatua ya 3: Vua kola wakati wa matembezi, mvalishe mkanda wa kifuani. Mwache apange mwendo mwenyewe.

Hatua ya 4: Pimobendani mpe tumbo likiwa tupu, kama saa moja kabla ya chakula. Akiwa kwenye dawa ya kukojoza atakunywa sana. Kamwe usimnyime maji. Dawa za maumivu za binadamu usimpe.

Hatua ya 5: Punguza vitafunwa vya chumvi, na mpime uzito kila mwezi. Akikonda mgongoni huku tumbo likijaa, mrudishe kwa daktari pamoja na daftari lako la pumzi.