Jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege kutoka Mombasa

Swali la kwanza la abiria wanaokuja kukata tiketi kwetu ni, "Ni saa ngapi mpaka huko?" Simu itakujibu, lakini ukiijua hesabu yenyewe, saa za kwenye tiketi hazitakuchanganya.

Hatua ya 1: Pata umbali wa angani

Achana na umbali wa barabara. Mombasa hadi Nairobi kwa gari ni kama kilomita 480. Ndege hukata moja kwa moja. Uwanja wa ndege wa Moi, hapa Mombasa, uko digrii 4.03 kusini na 39.59 mashariki. Jomo Kenyatta, ule wa Nairobi, uko 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Ukitoa unabaki na 2.71 na 2.66. Huku kwetu karibu na ikweta, digrii moja ni takriban kilomita 111 upande wowote, kwa hivyo unapata 301 na 295. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: kama kilomita 421.

Njia hii yafaa kwa masafa mafupi, kama Zanzibar au Dar es Salaam. Kwa Dubai tumia ramani ya simu inayopima masafa, maana dunia ni mviringo na digrii za longitudo, yaani za mashariki-magharibi, hupungua upana kadiri unavyoiacha ikweta. Utapata yapata kilomita 3,670.

Hatua ya 2: Geuza umbali uwe muda

Gawanya kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 hadi 850 kwa saa. Nairobi ni dakika 32. Ongeza kama 15 za kupaa na kushuka. Tiketi huandikwa karibu saa nzima kwa sababu muda huhesabiwa tangu ndege inapong'oa magurudumu kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Dubai, kwa safari isiyo na kituo, ni karibu saa 5.

Hatua ya 3: Linganisha saa za miji

Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Ukiondoka 10:00, yaani saa nne asubuhi, tiketi itaonyesha unatua 16:00. Hizo si saa sita, ni tano. Kurudi huonekana nne.

Hatua ya 4: Hakikisha tarehe

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hapa ndipo watu huachwa na ndege. Tiketi ikiandika 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Tarehe 14, saa tatu na nusu usiku, uwe tayari uwanjani na mizigo yako. Anayesubiri jioni ya tarehe 15 atakuta ndege ilikwenda usiku wa kuamkia siku hiyo. Unapomwagiza dereva, mtajie siku unayotoka nyumbani, si siku ya ndege.

Hatua ya 5: Ongeza njia ya kufika Port Reitz, uliko uwanja wa ndege

Safari ya nje, fika saa 3 kabla. Ya ndani, saa 2 zatosha. Kisha hesabu barabara. Wa Nyali atavuka daraja, apite kisiwani na Makupa. Wa Likoni ana foleni ya feri, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Mtu wa Diani aendaye Nairobi aweza kukaa barabarani zaidi kuliko angani, kwa hivyo kwenye karatasi yake mimi huandika kwanza saa ya kutoka nyumbani, ndipo saa ya ndege.