Masikio ya mtoto kwanza

Papa na mama wa Lubumbashi, kama mnavuka mpaka wa Kasumbalesa kumpeleka mtoto kuona rali, yaani mbio za magari, yake ya kwanza upande wa Zambia, anzeni na masikio. Pamba haitoshi. Kwa kelele za desibeli 85 mtu mzima anashauriwa asizidishe saa 8. Zikifika 100, dakika 15 tu, na mtoto tumhurumie zaidi. Vile vifunika masikio vya wafanyakazi wa migodi wengi tunavyo nyumbani, lakini kwenye kichwa kidogo vinaacha mwanya, na mwanya ukiwepo ni kama hakuvaa kitu. Tafuteni vya watoto, tena azoee kuvivaa siku mbili tatu kabla, la sivyo atavitupa gari la kwanza likipita.

Msisimame upande wa nje wa kona: gari likiteleza hutokea huko. Chagueni mahali palipoinuka, upande wa ndani, nyuma ya utepe. Magari ya namba 000, 00 na 0 hutangulia kukagua njia. Mkiyaona, mshikeni mtoto mkono. Vumbi la kiangazi mnalijua, bebeni kitambaa na maji ya kutosha. Akilia kwa hofu, ondokeni naye.