Ekzosi ya kutengenezesha Katwe: ipimwe pikapu ikiwa na mzigo

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, ile ya injini ya 2KD, lita 2.5 yenye tabo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Inatoa ufuta na asali Arua kuleta Kampala, kisha inarudi na sabuni, sukari na chochote ambacho wateja wangu wa nyumbani wameagiza. Nayataja haya mapema kwa sababu swali la kwanza ambalo fundi wa ekzosi anapaswa kukuuliza ni gari linafanya kazi gani. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Akikujibu, "Nyabo, niachie tu, hii itanguruma mpaka Entebbe wasikie," huyo anatengenezea vijana wa Jumamosi usiku. Mshukuru, uende kibanda cha pili.

Kwa nini utengenezeshe badala ya kununua? Ukienda soko la Kisekka utapata ekzosi zilizotolewa kwenye magari mengine, lakini nyingi zimeshaliwa na kutu kwa ndani hata kama nje zimepakwa rangi. Igonge kwa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bati bovu. Mpya ya kampuni ina bei ya kukukosesha usingizi. Iliyobaki ni kununua paipu na kumpa mchomeleaji wa Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma hapo Kampala, afuate umbo la gari lako. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, inadumu. Ila usidanganywe kwamba gari litageuka ndege. Utakachopata kwenye injini ya tabo ni pumzi: moshi unatoka bila kubanwa, tabo inaitika mapema kidogo, na joto linapungua ukipanda kutoka Pakwach kuelekea Nebbi na mzigo mgongoni.

Upana wa paipu ndio watu hubishania sana. Kwa dizeli ya tabo ya lita 2.5 hadi 3, paipu ya inchi 2.5 inatosha kabisa. Kutoka inchi 2 kwenda 2.5 huonekana ni kidogo, lakini nafasi ya kupita moshi inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Inchi 3 wapo wanaoiweka, na injini haitakataa, ila kupata njia ya kuipitisha juu ya ekseli ya nyuma ni vita, na kelele inapanda. Kama gari lako ni lile la zamani lisilo na tabo, la 5L, usikimbilie upana. Hapo hakuna tabo ya kusubiri pumzi, kwa hiyo kaa karibu na kipimo cha kiwandani.

Paipu nunua mwenyewe, au mwende wote na fundi. Chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1.5 au 2 kinafaa kwa bei yake. Chuma kisichoshika kutu ni bora, lakini aina utakazokutana nazo zaidi ni mbili: cha daraja la 304 sumaku haikishiki, au inakishika kwa unyonge tu, cha 409 sumaku inakishika, nacho kwa ekzosi si kibaya, isipokuwa hakipaswi kuuzwa kwa bei ya 304. Mimi natembea na kisumaku kwenye mkoba, na wauzaji wanapokiona lugha yao hubadilika. Kitu cha kukataa kabisa ni paipu ya maji iliyopakwa zinki. Iko kila duka, ni rahisi, inang'aa. Ikichomwa hutoa moshi mweupe wa zinki ambao humlaza fundi kwa homa na kutetemeka usiku huo, na ule mng'ao wenyewe huungua palipochomelewa, kutu ikaanzia hapohapo.

Fundi mchague kwa kuangalia kona. Pita Katwe taratibu, tazama kazi zilizoanikwa mbele ya vibanda. Paipu ikikunjwa vibaya, upande wa ndani wa kona unabonyea na kupata mikunjo, na upana ulioulipia unapotea pale. Wanaojua hujaza mchanga mkavu ndani ya paipu, huziba ncha zote mbili, halafu huipasha moto mpaka iwe nyekundu na kuikunja polepole, mviringo ukabaki mviringo. Ni kazi ya subira. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke unaweza kurusha kizibo, kwa hiyo fundi mzuri utamkuta ameukaanga mchanga wake kwanza. Wengine hukata vipande vyembamba vya mshazari na kuviunga kimoja kimoja mpaka kona itimie. Hiyo nayo ni sawa kama maungio yamejaa pande zote. Pitisha kidole ndani ya paipu: ukikuta matone ya chuma yamening'inia kama nta ya mshumaa, huyo anachoma kwa moto mkali kuliko unene wa paipu. Kwa paipu nyembamba namna hii napendelea mashine ya waya na gesi kuliko ya vijiti.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, waya hasi wa betri utolewe. Usione haya kusimamia hilo. Umeme wa kuchomelea ukitafuta njia kupitia altaneta au kompyuta ya gari, hasara yake itazidi bei ya ekzosi nzima. Na ule mshipi wa mashine, wa kurudishia umeme, ubanwe kwenye paipu ileile inayochomwa, karibu na kiungo, usibanwe huko mbali kwenye chesisi au kwenye ekseli. Mabomba ya breki na tangi la mafuta vifunikwe kwa bati au gunia lililoloweshwa.

Sasa jambo ambalo limenifanya niandike. Mafundi wengi huinua pikapu kwa jeki iliyowekwa chini ya chesisi. Ekseli ya nyuma inaning'inia chini, na juu yake kunaonekana nafasi kubwa ya kupitisha paipu, mtu anaweza kuingiza kichwa. Fundi anapitisha, anachomelea, kila mtu anafurahi. Siku ukipakia, springi zinalala, ekseli inapanda, na paipu inaanza kugonga kila tuta. Kabla hujamaliza njia ya Luwero, pamebonyea. Kabla ya Karuma, pamepasuka.

Dawa yake ni kupima gari likiwa na mzigo, magurudumu yakiwa yamekanyaga chini au jeki ikiwa imewekwa chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, si chini ya chesisi. Usiende na magunia ya ufuta, maana cheche za grainda na magunia ni maadui. Katwe haikosi chuma: waombe vijana wa vyuma chakavu wapakie uzito unaokaribia ule unaobeba siku zote, uwalipe chochote, wapakue jioni. Fundi atalalamika kwamba chini hapaingiliki. Mwache alalamike.

Hata hapo kazi haijaisha, kwa sababu shimo barabarani litaisukuma ekseli juu zaidi ya pale mzigo ulipoifikisha. Lala chini utazame juu ya ekseli, upande wa chesisi: kuna raba nene iliyotengenezwa ili ekseli iigonge inapofika mwisho wa safari yake. Pima kutoka ekseli hadi raba hiyo. Nafasi kati ya ekseli na paipu iliyo juu yake lazima izidi kipimo hicho, hata ikiwa kwa vidole viwili tu. Ikizidi, hakuna shimo la Uganda litakalozikutanisha, kwa kuwa raba itagongwa kwanza. Fundi niliye naye sasa nilimwonyesha hili nikiwa nimelala ubavuni mwake juu ya boksi, gauni limejaa oili. Akakaa kimya, akapima tena, akasema, "Hajati, huko Arua mnafundishwa na nani?"

Kwanza paipu ishikizwe kwa nukta ndogondogo tu. Ipangwe yote kuanzia mbele hadi nyuma, itazamwe, itikiswe, ndipo ichomelewe moja kwa moja. Iwe na umbali wa upana wa kiganja kutoka mabomba ya breki, tangi la mafuta na tairi la akiba linalokaa chini ya bodi. Pasipowezekana, bati la kukinga joto lifungwe katikati, lisigusane na paipu, hewa ipite.

Injini inapokokota hucheza kwenye raba zake, lakini paipu imefungwa kwenye chesisi ambayo haichezi nayo. Kwa hiyo, baada ya paipu ya kwanza inayotoka kwenye tabo, lazima kuwe na kipande chenye mikunjo kinachonyumbuka. Wapo watakaokwambia si lazima. Wanachosubiri ni manifodi yako, kile chuma kinachokusanya moshi kwenye injini, ipate ufa. Vilevile paipu ining'inizwe kwa raba. Ukiona fundi anachukua nondo na kuiunganisha paipu na chesisi moja kwa moja, msimamishe. Paipu ya mita 3 ikipanda joto kwa nyuzi 200 inarefuka karibu milimita 7, na milimita hizo zisipopata pa kwenda zitavunja kiungo kimojawapo.

Iwe vipande vitatu, kila kiungo kwa flanji, yaani bamba za kuungia, zenye bolti, flanji zenyewe nene, kama milimita 8 hivi, maana nyembamba hupinda kwa joto na kuvujisha. Gasketi iwe ya ekzosi, isiwe imekatwa kwenye kopo. Ekzosi iliyochomelewa kipande kimoja inaonekana safi, lakini siku ya kushusha giaboksi fundi wako ataikata kwa grainda na utarudi mwanzo.

Sailensa, lile kopo la kupunguza kelele. Ishike juu, utazame kupitia ndani. Ukiona mwanga upande wa pili na ukuta wenye vitundu vingi, hiyo ni ya kupitisha moja kwa moja: pumzi nzuri, sauti kidogo imepanda. Vile vitundu vimezungushiwa sufi ya kioo au ya chuma. Ya kioo ikiwa hafifu huungua na kupeperuka, na sauti hubadilika wiki hadi wiki. Za vyumba vya ndani hunyamazisha zaidi na hubana zaidi. Kwa gari la kazi mimi nachukua ya kupitisha moja kwa moja, lakini ndefu na nene, kwa sababu safari ya Arua ni karibu kilomita 500 na mvumo wa chinichini ukikaa nao kutwa nzima kichwa kinauma. Halafu NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ina kanuni za kelele tangu 2003, na majirani wana masikio. Mwambie fundi atoboe kitundu cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, maji yanayobaki baada ya safari fupi yatoke badala ya kuiozesha.

Mdomo wa paipu utoke nyuma kabisa, upite ukingo wa bodi. Najua inapendeza ukitokea ubavuni mbele ya gurudumu, na inaokoa paipu. Lakini sisi tunabeba watu nyuma, tusidanganyane, tena wengine wamejifunika turubai kwa ajili ya mvua. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua aliyelala bila kumwamsha. Kwa sababu hiyohiyo matundu yote ya sakafuni mwa kabini yazibwe.

Wenye magari mapya zaidi yenye chujio la masizi na sensa zake: msiguse upande huo. Anzieni nyuma ya sensa ya mwisho. Ukikata chujio, kompyuta itawasha taa na kuizuia injini nguvu, na moshi mweusi utakutangaza kwa kila trafiki. Kwenye petroli kuna katalitiki, kopo la kusafisha moshi. Hata ikiwa imekufa na lazima ibadilishwe, ondoka na ya zamani. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana utasikia, "Mama, hilo takataka tuachie tu, tutalitupa."

Kumaliza malipo kusubiri jaribio la kitambaa. Gari likiwa baridi, liwashwe, lingurume polepole. Mtu avae glavu nene, azibe mdomo wa paipu kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, wewe upite chini na sikio na maji ya sabuni. Kinachofoka au kutoa povu kirudiwe. Kisha endesha gari likiwa bado na vile vyuma, upite matuta machache, urudi. Rangi ya kawaida itaungua na kunuka siku ya kwanza; ya kuhimili joto ipo madukani, ipakwe paipu ikiwa imesuguliwa.

Ukishafika nyumbani na gari limepoa, kaza tena nati zote za flanji, maana joto la safari ya kwanza huzilegeza. Tazama kila kiungo: alama nyeusi ya masizi ni mahali panapovuja. Raba za kuning'inizia zikaguliwe kila unapomwaga oili.