Jinsi ya kuandika hali ya pasa ili templeti ieskepu yenyewe, na ng'ombe wasikuvunjie tovuti

Wadau, natengeneza tovuti ya duka moja la maziwa huku Ngaramtoni, bidhaa ya kwanza kuingizwa ikaitwa Maziwa ya ng'ombe na batani ya kuweka oda ikafa palepale. Ritifaa ya ng' ndo imeua. Na nilikuwa nimeeskepu HTML kila mahali, yaani alama kama ' nimezigeuza kuwa ' zisisomeke kama sehemu ya kodi (code)! Ila jina lilikaa kwenye onclick (atributi ya kinachofanyika batani ikibonyezwa), ndani ya stringi ya JavaScript, na brauza huwa inasoma atributi kwanza, inarudisha ' kuwa ' halafu ndo inaikabidhi JavaScript, kwa hiyo stringi inafungwa kwenye ng na ombe inabaki nje. Sasa fikiria mtu mbaya aandike JavaScript yake hapo.

Dawa ni pasa (parser, kipande cha programu kinachosoma templeti na kuelewa muundo wake) ipitie templeti kabla data haijaingia, na ikifika kwenye kila tundu la data ijue tupo wapi. Shida ni jinsi ya kuandika hiyo "tupo wapi". Usitengeneze orodha moja ndefu ya majina, utachanganya atributi na aina za nukuu na URL mpaka uchoke. Tumia strakti (struct, data kadhaa zilizofungwa pamoja) moja ndogo yenye vipande, kama ilivyo html/template, maktaba ya templeti ya lugha ya Go:

hali: maandishi, ndani ya tegi, atributi, URL, JS, stringi ya JS, CSS
kifungio: nukuu mbili, nukuu moja, au hakuna
sehemu ya URL: mwanzo, kabla ya ?, baada ya ?
mkwaju (/) wa JS: kugawanya au rejeksi (regex, mchoro wa kutafuta maandishi)

Kila kipande baiti moja inatosha, na sifuri iwe maandishi ya kawaida ya HTML maana ndo templeti inapoanzia. Kifungio msikidharau jamani, atributi isiyo na nukuu inaishia kwenye nafasi tupu, so hata nafasi inabidi ieskepiwe. URL nayo, tundu likiwa mwanzoni unachuja skimu (kile cha mbele kama https:) mtu asilete javascript: na likiwa baada ya ? unageuza hadi & na =. Mkwaju unaangalia kilichotangulia, baada ya x au ) ni kugawanya, baada ya = au ( ni rejeksi.

Mimi napenda strakti kwa sababu ya if na else za kwenye templeti. Pitisha kila tawi kuanzia hali ileile, mwishoni linganisha strakti za matawi kwa == tu, ndo maana usiweke pointa humo ndani. Zikilingana endelea. Zikitofautiana sehemu ya URL peke yake, andika "haijulikani" uendelee, ila tundu likitokea hapo toa kosa. Zikitofautiana zaidi, mfano tawi moja limefungua nukuu na lingine halijafungua, kataa templeti yote hapohapo, usikisie hata kidogo, kukisia ndo mlango wenyewe wa wezi. Mzunguko vilevile, mwisho wake urudi hali ulioanzia.

Baada ya hapo kuchagua eskepa ni rahisi, unaanza na ya ndani kisha ya nje: kwenye onclick unapitisha ya stringi ya JS kwanza, ritifaa inakuwa \u0027, halafu ya atributi. Ukigeuza mpangilio unaweza ukarudi kwenye batani iliyokufa. Na kwenye majaribio weka ng'ombe, ng'ambo na Ng'wanza kwenye kila aina ya tundu, sio John peke yake.